Alipona Akipungua

Mjukuu wangu alivimba, na watu wakatupongeza.

Sina njia nyingine ya kuanza. Sisi tunakaa mbele ya Kyuso, huku Kitui, mahali ambapo mtu akisema amelima, amelima ndengu, yaani choroko, na ndengu ni za kuuza. Mahindi tunapanda kwa imani. Mwaka ule mvua ya mwisho wa mwaka ilikuja ikatulowesha vichwa, ikaenda zake. Mzee wangu akafanya vile wazee wa huku hufanya: alikusanya ng'ombe na mbuzi wote, akawapeleka upande wa mto Tana kutafuta nyasi. Wanyama wakiondoka, maziwa yanaondoka nao. Hilo halihitaji mtu awe amesoma.

Mtoto ninayemsema ni wa kijana wangu wa mwisho. Kijana mwenyewe anafanya kazi Mtito Andei, anawekea malori mafuta, na huja nyumbani akipewa ruhusa. Mke wake ninaishi naye hapa bomani. Mtoto alikuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta wakati mama yake aliposhika mimba nyingine, na kwetu mimba ikiingia, mtoto anatolewa kwenye titi. Tunasema maziwa hayo sasa ni ya aliye tumboni, yatamdhuru aliye mgongoni. Miaka yenye mvua, mtoto wa namna hiyo anapokelewa na mbuzi. Huyu alipokelewa na uji mweupe wa mahindi asubuhi na jioni, na mchana ugali na mboga ya kunde iliyokaushwa, ambayo alikuwa anaitema.

Akaendesha tumbo. Akakonda. Halafu siku moja nikamwangalia, nikaona mashavu yamejaa.

Tulifurahi, kwa nini nidanganye. Mashavu yalijaa, mikono ikajaa, miguu ikawa minene mpaka viatu vya kanisa vikakataa kuingia. Ngozi ilikuwa inang'aa kama iliyopakwa mafuta, na mafuta ya kupaka yalikuwa yameisha zamani. Jumapili akina mama walimzunguka nje ya kanisa, wakiniita susu, yaani nyanya.

"Bwana asifiwe, susu! Huyu mnamlisha nini?"

"Uji," nikasema.

"Uji gani huo? Wetu wamekauka kama kuni, na wanakunywa uji."

"Na nywele, je? Angalieni nywele. Nyekundu kama ndevu za mahindi. Susu, sema ukweli, mzungu huyu mlimwokota wapi?"

Tukacheka wote. Mama yake alimpiga picha kwa simu, akaituma kwa mama yake mzazi, ambaye anakaa Makueni, ndani kidogo kutoka barabara ya Mombasa. Mama yule akarudisha sauti, tukaisikiliza tukiwa tumesimama pale pale mlangoni pa kanisa: anamshukuru Mungu, mjukuu wake amenona, na anatushukuru sisi watu wa huku, anajua jua letu lilivyo na bado tunamtunza mtoto wa binti yake. Nilisimama wima kidogo niliposikia hivyo. Kusifiwa na mkwe si jambo la kila siku.

Kitu kilichonisumbua kilikuwa kuku.

Mtoto alikuwa ameketishwa kwenye gunia na sahani yake ya ugali. Kuku akaja akadonoa. Mtoto akamwangalia. Kuku akaingia na miguu yote miwili ndani ya sahani, na mtoto hakuinua hata mkono. Nimelea watoto wangu na wa wengine. Mtoto aliyeshiba hakai pale ulipomweka, na mtoto mwenye njaa anapigania chakula chake. Huyu hakuwa anafanya moja wala lingine. Alikuwa amekaa kama kitu kilichosahauliwa.

Tuna mama mmoja hapa kijijini anayezunguka boma kwa boma na mfuko wa afya. Ni jirani, tunachota maji naye. Nilimwita. Hakuuliza mengi. Alipiga magoti, akashika miguu ya mtoto, akabonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba, akashikilia kidogo, akaachilia. Mashimo yalibaki. Mawili, kama umebonyeza unga wa chapati uliokandwa.

"Mama," akaniambia, "huyu hajanona. Haya ni maji. Mtoto huyu ana njaa."

"Njaa gani na uji anauacha?"

"Njaa ikifika hapa, haitaki tena chakula."

"Basi kesho nitampeleka Kyuso wamwangalie."

"Usiseme kesho. Funga mtoto mgongoni."

Tulifunga mtoto mgongoni. Kliniki nao walibonyeza miguu, wakaangalia mapajani ambapo ngozi ilikuwa imeanza kubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, wakatupeleka hospitali kubwa kwa gari lao.

Huko wodini tulipokelewa na sista mmoja, mama wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kurudia. Alituambia mtoto ana utapiamlo mkali. Akasema uko wa namna mbili. Kuna mtoto anayekauka mpaka unahesabu mbavu, na kuna anayevimba. Kitanda cha pili kulikuwa na mtoto wa Migwani wa ile namna ya kwanza, macho makubwa, ngozi ya matako ikining'inia kama suruali ya kuazima. Mama yake alituangalia tukiingia, akasema, "Wenu afadhali."

Sista akamjibu bila kugeuka, "Hapa hakuna afadhali, mama. Nyote mmelala wodi moja."

Nilimuuliza sista kwa nini huyu avimbe na yule akauke, na wote walikuwa wanakula uji. Nilipenda alivyojibu. Alisema hata wao hawajui yote. Wanajua chakula chenyewe kilikuwa cha namna moja tu kwa muda mrefu, wanajua kuhara kunaongeza, lakini kwa nini mmoja aende njia hii na mwingine ile, bado watu wakubwa wanabishana. Mtu akisema hajui mahali ambapo hajui, nami nitamwamini mahali anaposema anajua.

Na alilosema anajua ni hili: mtoto huyu asipewe chakula chochote isipokuwa maziwa ya wodi.

Maziwa hayo yalikuwa ya kupimwa, yanachanganywa na wao wenyewe, yanaletwa kwa kikombe. Kidogo sana. Paka angekunywa akauliza mengine yako wapi. Yanakuja, mama anamnywesha polepole, yanaisha, baada ya saa chache yanakuja tena, mchana na usiku. Hakuna uji, hakuna ndizi, hakuna soda, hakuna supu.

"Mtoto ana njaa na mnampa tone?" nikamuuliza.

"Susu, nyumbani una ng'ombe?"

"Wako Tana na mzee."

"Kiangazi kikiisha, mvua ikinyesha, nyasi changa zikitoka, ni ng'ombe gani anakufa?"

Hapo akawa ameniweza. Kila mtu wa kwetu anajua. Ng'ombe aliyevumilia kiangazi chote, amebaki ngozi na pembe, hafi wakati wa jua. Anakufa wiki ile nyasi zinapotoka, akiwa na tumbo limejaa majani mabichi. Tumewapoteza hivyo tukiwa tunashukuru mvua.

"Ndani ya mwili wake kila kitu kimepunguza kazi," sista akasema. "Moyo, figo, tumbo. Ukimjaza leo, moyo utashindwa. Tunamrudisha polepole."

Nikasema sawa. Mama wa mtoto naye akasema sawa, lakini sawa yake ilikuwa nyepesi.

Sasa, jambo ambalo hakuna mtu alinitayarisha nalo ni vile kupona kulivyo kubaya kutazama. Mtoto alianza kukojoa. Nepi zililowa kuliko maziwa aliyokunywa. Kila asubuhi walimning'iniza kwenye mizani, na kila asubuhi alikuwa amepungua.

"Amepungua," nikamwambia sista.

"Ndiyo." Alikuwa anatabasamu. "Maji yanatoka. Ndivyo tunavyotaka."

Mashavu yaliondoka kwanza. Halafu mikono. Halafu miguu ikawa vijiti, mbavu zikajitokeza, na uso uliobaki ulikuwa wa mzee wa miaka sabini aliyedhulumiwa shamba. Tulikuja na mtoto mnene. Sasa tulikuwa tumelala karibu na mtoto wa Migwani, na mtu asiyewajua hangeweza kusema nani alikuja amekauka na nani amekaukia hapa. Mama yake alikuwa anamfunika leso mpaka kidevuni ili asione zile mbavu.

"Mama, nilileta mtoto," akaniambia. "Nitarudisha mifupa."

"Mifupa ndiyo ilikuwa chini ya yale maji tangu mwanzo," nikamwambia. "Sasa unaiona tu."

Sikumfariji. Labda mwingine angemfariji.

Mkwe wangu wa Makueni akatokea siku hizo hizo, mbaya kuliko zote za kuja. Aliingia saa ya kuona wagonjwa, amevaa vizuri, kitambaa cha kanisa kichwani, kikapu kizito mkononi. Akilini alikuwa na ile picha ya mtoto mnene. Alipita kitanda chetu akaenda mpaka mwisho wa wodi akitafuta, akarudi, akaona binti yake. Akaangalia kitandani.

"Wapi mtoto?"

"Ni huyu, mama," binti yake akasema.

Kikapu kilikaa chini peke yake. Alifunua leso, akafunika. Akanigeukia.

"Mkwe. Mmemfanya nini?"

"Wakya," nikamsalimu kwanza, kwa sababu salamu ni salamu.

"Aa," akaitikia. "Mmemfanya nini mtoto?"

Nikamweleza. Maji, uvimbe, maziwa ya kupimwa. Nilieleza vizuri vile nilivyoelezwa, na kila nilipotamka neno nililisikia likianguka. Yeye alikuwa anaamini macho yake, na macho yake yalikuwa yanamwambia kwamba mtoto alikuwa mnene nyumbani na amekondeshwa hospitali. Hata mimi ningekuwa nimefika siku hiyo ningeamini hivyo.

Akafungua kikapu. Alikuwa amepika kuku wa kienyeji, chapati zilizofungwa kwa kitambaa, na chupa ya chai iliyojaa maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa na sukari. Kwao hawakuwa wamepeleka mbuzi mbali. Alikuwa amesafiri na chakula hicho tangu alfajiri. Akamwaga maziwa kwenye kifuniko, akamwinamia mtoto.

Nikaweka mkono katikati.

"Hapana, mkwe. Hairuhusiwi."

Wodi nzima iligeuka kututazama. Kwetu chakula cha mkwe hakikataliwi. Ukikikataa, hujakataa chakula, umekataa mlango alioingilia binti yake kwako. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Kwa hiyo nilifanya lile nililoweza. Nilichukua kuku, nikavunja paja, nikala. Nikachukua chapati nikala. Yale maziwa yaliyokuwa kwenye kifuniko nikayanywa yote, yakiwa moto.

"Chakula chako ni kizuri," nikasema. "Nimekipokea."

"Kwa hivyo wewe unakula, mtoto anakutazama?"

"Ndiyo. Mimi sijavimba."

Mama wa Migwani alicheka, akajifunika mdomo. Mkwe wangu hakucheka.

"Nimesikia wazee wa Kitui ni wagumu," akasema. "Sikujua hata njaa ya mtoto wanaila wao."

"Sema yote, usibaki na kitu."

"Huyu namtoa leo. Kwangu kuna maziwa, kuna maombi. Mwanangu, kusanya nguo."

Binti yake alianza kukusanya nguo. Namhurumia sasa, wakati ule nilitaka kumzaba kofi. Nilimwambia apige simu kwa mumewe, baba ya mtoto aamue. Tulimweka kijana kwenye sauti kubwa. Malori yalikuwa yananguruma nyuma yake. Tulieleza sisi watatu kwa pamoja, yeye akasikiliza, halafu akasema, "Sasa nyinyi akina mama, fanyeni vile mtaelewana," na akaomba radhi, kuna mteja. Huyo ndiye niliyemzaa.

Basi nikamuuliza mkwe lile swali la ng'ombe. Yule anayekufa mvua ikinyesha. Swali lile lilimfikia, kwa maana huko Makueni nao wanazika ng'ombe wa namna hiyo. Akaketi kitandani. "Mwenye boma ni wewe," akasema mwishowe. Binti yake akaziachia nguo. Nilidhani yameisha. Nikachukua beseni nikaenda nje kufua nepi, nikazianika kwenye ua pamoja na za wengine, nikapumzika kidogo kwenye kivuli cha ukuta kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma.

Niliporudi, sista alikuwa anaita daktari.

Mtoto alikuwa ametapika, anahara, na mikono yake ilikuwa baridi kama samaki. Alikuwa anapumua haraka, macho yamelegea upande. Daktari alikuja mbio, kijana tu, akashika mguu, akasikiliza kifua, huku sista akitayarisha mshipa. Akauliza, na swali hilo aliliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Amekula kitu chochote kingine? Nataka kujua kabla sijamwekea maji. Kama amekula, maji hayo yanaweza kuuzidi moyo."

Mama wa mtoto akaangalia sakafu. Mkwe wangu akaangalia dirisha.

Niliangalia matapishi kwenye shuka. Kulikuwa na vipande vya chapati vilivyolowa. Harufu ilikuwa ya maziwa ya mbuzi. Nimekamua mbuzi maisha yangu yote.

Sasa mniwie radhi nieleze kitu, maana vijana wa siku hizi hawakijui. Kwetu mkwe ni mtu wa kufichiwa. Akijikwaa kwako unaangalia pembeni. Akisema neno baya umelisikia kama upepo. Unaweza kumgombeza dada yako mbele ya soko lote, lakini mkwe wako aibu yake ni aibu yako, unaifunika hata ikikuunguza. Wapo watu waliokaa na njaa kwa wakwe zao siku nzima kwa kuogopa kusema hawajapewa chakula. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Na pale wodini walikuwa wanatazama akina mama wote, askari wa mlangoni, na mfagiaji.

"Amepewa maziwa ya mbuzi yenye sukari," nikasema. "Na chapati."

"Mengi?"

Nikainua chupa ya chai, nikaitikisa. "Nusu ya hii."

"Nani amempa?"

Daktari hakuhitaji kujua nani. Nadhani aliuliza kwa hasira tu. Lakini aliuliza, na mimi nikishaanza kusema siachi katikati.

"Nyanya yake huyu."

Mkwe wangu alinigeukia. Sitasahau, ingawa sikumbuki alisema nini, au kama alisema. Daktari alimwambia sista aache ile chupa ya maji, walete kitu kingine, na wote wakamwinamia mtoto, nasi tukafukuzwa nje. Tulikaa kwenye benchi, mkwe upande huu, mimi upande ule, binti katikati akilia kwa sauti ya chini. Nilisikia maneno ndani, sikuyaelewa. Kuna wakati nilisikia kimya, na hicho nikakielewa vibaya.

Kisha mtoto akalia. Hakikuwa kilio kikubwa. Kilikuwa kama mlango wenye bawaba kavu. Sista akatoka akasema wamemweka kifuani pa mama mmoja apate joto, mama yake mzazi aje amchukue. Binti akaingia ndani.

Mkwe akasimama, akakunja kitambaa cha chapati kwa utaratibu, akakiweka kikapuni.

"Kwetu," akasema, "mtu hamvui mkwe nguo mbele ya watu."

"Ninajua."

"Ulijua na ukanivua."

"Alikuwa anakufa."

Akaondoka bila kuaga. Nilimwona akivuka geti, mgongo umenyooka. Chupa ya chai aliiacha kwetu, na sikumwita.

Mtoto hakufa. Walirudi nyuma na maziwa, wakaanza tena na kidogo kuliko mwanzo. Siku zikapita. Nilikuwa nawasimamia wageni wote kama mbwa wa boma. Hata mchungaji alikuja na mikate nikamwambia aombe tu. Uvimbe ulipoisha kabisa, mizani ilisimama, halafu ikaanza kupanda, gramu kwa gramu. Wakambadilishia maziwa yakawa mazito. Halafu wakaleta vile vipakiti vya karanga iliyosagwa na maziwa na mafuta, ambavyo mtoto anafinya na kunyonya. Cha kwanza alilamba akakiacha. Cha siku iliyofuata alikimaliza akaanza kutafuna karatasi, na mama yake alipojaribu kuichukua, alimwuma.

Sista alipiga makofi. "Huyu anaenda nyumbani," akasema. "Mtoto anayeuma, hatumuweki hapa."

Mtoto wa Migwani aliondoka kabla yetu, naye akiwa mzima. Wengine wawili hawakuondoka hivyo, na mama zao niliwasaidia kufunga vitu.

Nyumbani tulirudi na vipakiti vya wiki moja, tunaenda Kyuso kuongezewa na kupimwa. Wajukuu wengine walivililia. Niliwaambia hiyo ni dawa, si karanga, na atakayegusa atajua jina langu. Sista alikuwa ameniuliza siku ya kuondoka tunalima nini. Nikamwambia ndengu. Akaniuliza mtoto anakula ndengu ngapi. Nikamwambia ndengu ni za kuuza. Akamwangalia mtoto, kisha mimi. Tangu mavuno yale, mnunuzi akija na mizani yake, debe la kwanza linabaki jikoni kwangu. Analalamika. Mzee naye sasa akipeleka wanyama Tana anaacha mbuzi mmoja mwenye maziwa, kamba shingoni, analia mchana kutwa akitafuta wenzake. Tumezoea makelele yake.

Mtoto mwingine alizaliwa salama. Huyu wa kwanza alirudisha nywele nyeusi, akaanza kutembea bila ukuta, akaanza kukimbia, akawa kero. Lakini kutoka Makueni hakuna sauti iliyokuja. Binti akipiga simu, mama yake anauliza habari zake na za watoto, za kwangu haulizi. Mwaka mzima karibu. Nilikuwa namwona binti anavyoshika simu akitoka nje kuongea.

Kwetu aliyemwaibisha mwenzake ndiye anayechukua njia. Nilinunua sukari na leso, nikamvalisha mtoto viatu, nikaenda naye sisi wawili. Barabara ni ndefu na alilalamika njia nzima.

Nilimkuta mkwe wangu uani, ameketi kwenye kigoda anapepeta mbaazi. Aliniona nikiwa mbali lakini hakusimama. Nilikaa chini kwenye gunia bila kuambiwa.

"Wakya."

"Aa."

Ungo ukaendelea kwenda juu na chini. Mtoto hakungoja kusalimiwa. Alienda moja kwa moja akatia mikono yote miwili kwenye mbaazi safi, akazirusha kwenye vumbi. Mkwe akampiga kofi mkononi, kofi la kawaida la nyanya, na mtoto akamrudishia.

"Aiya!" Alimshika mkono, akaugeuza, akafinya mkono wa juu kama mtu anayenunua mbuzi. Akafinya paja. Akashika nywele. "Ana mkono mzito huyu."

"Ni mtundu."

"Amefanana na baba yangu." Akaweka ungo chini. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mtoto. "Ulinisema mbele ya watu."

"Nilikusema."

"Hata mfagiaji alikuwepo."

"Alikuwepo."

"Nilirudi hapa nikawaambia watu mtoto alipona kwa maombi yangu. Na niliomba kweli, tangu geti mpaka kwangu."

"Sikatai. Uliomba."

Mtoto alikuwa amerudi kwenye mbaazi, na hakuna aliyemzuia.

"Ingekuwa leo," mkwe akasema, "na yule daktari akuulize tena vile. Ungenisema?"

Ningeweza kupunguza kidogo. Nilikuwa mgeni, na leso yake ilikuwa bado magotini mwangu, sijampa.

"Ningekusema."

Aliangalia vumbi na mbaazi zake zilizopotea humo. Kisha akashika magoti, akainuka polepole kama sisi sote tunavyoinuka siku hizi, akaenda jikoni. Nikasikia akipasua kuni, halafu sufuria ikigonga jiwe la jiko. Mtoto naye alisikia hiyo sufuria. Akaacha mbaazi, akamfuata nyuma mbio.